Aparei Kubwa ya Muzee wa Foto

Muzee wa foto alikuwa jirani yetu kwa miaka mingi, na mingi ya miaka hiyo alituchosha kwa swali moja. Anunue aparei kubwa ya kupiga foto, au abaki na ile ndogo? Alimuuliza padri. Alimuuliza fundi wa redio. Aliniuliza na mimi, mutu ambaye sijawahi kushika aparei hata ya mutoto ya kuchezea. Asubuhi unapita mbele ya nyumba yake ukienda kutafuta makala ya kupikia, naye ameketi mulangoni, anakuita.

"Mama Chantal, simama kidogo. Wewe ungefanya nini?"

"Mimi ningekwenda kazini, Muzee."

Nilimujibu hivyo bila kutua beseni. Alicheka kidogo, akafuta kioo cha aparei kwa pindo la shati, na kesho yake aliuliza tena.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala na nani. Sisi watu wa Masisi tuko wengi hapa Goma, na kila mutu anajua ya kwake. Nitaeleza nilichokiona mimi. Wamehama sasa, yeye na bibi yake, walipanda bato, wakavuka ziwa kwenda upande wa Bukavu kwa binti yao, na nyumba yao ya mbao wamekaa watu wengine. Watu wazuri tu, sina neno nao. Lakini hakuna anayeniita nikipita.

Alikuwa mutu murefu aliyeinama mabega, mwenye kofia ambayo aliivua kanisani tu. Juu ya mawe ya volkano alitembea polepole, mukono mumoja juu ya aparei, kama mama anavyoshika kichwa cha mutoto mugongoni. Moto, zile pikipiki za kubeba watu, hakupanda hata ukimulipia. "Moto inaangusha," alisema. Lakini mutu huyohuyo, siku ya ndoa, utamukuta amepanda juu ya ukuta wa mawe, na viatu vyake vilivyoshonwa mara nyingi, anatafuta mahali pa kupigia foto. Nilimuambia siku moja kwamba huo ukuta pia unaangusha. Akasema ukuta angalau hauna haraka.

Kwa mambo ya kununua alikuwa mugumu. Kule Kituku, akienda kununua samaki ndogo za sambaza, mama wauza samaki walikuwa wakimuona wanafunika beseni. Anabishana, anaondoka, anarudi, anabishana tena. Halafu jioni mutu anakuja kwake na kilio, anataka foto ya marehemu, na muzee anamutengenezea bila kuuliza kitu. Ukimupatia anapokea. Usipomupatia hasemi. Bibi yake alikuwa anasema, "Bwana yangu yuko na ubahili wa samaki na utajiri wa wafu." Alisema hivyo akiwa amechoka, siyo kwa kucheka.

Na kanisani alisinzia. Kila jumapili, mahubiri yakianza tu, kofia magotini, kichwa chini. Padri alimuuliza kwa nini. Akajibu kwamba macho yanafanya kazi juma zima, na mahubiri ni ya masikio.

*

Kazi yake ilikuwa na namna yake, na ni hiyo namna iliyoleta yote.

Ndoa za hapa ziko na mbele na ziko na nyuma. Mbele kuna mahema, viti vya plastiki vimefungwa vitambaa, korale inaimba, bibi-arusi amekaa kama sanamu, keki iko juu ya meza. Nyuma ya nyumba kuna mafiga, moshi, wamama wanageuza bugali, wasichana wanaosha sahani, wanaume wanabeba kasha za bia begani, na shangazi mumoja mwenye muguu mubaya ameketi juu ya bidon ya maji, anatoa amri. Wapiga foto wote wanakaa mbele. Muzee alipiga ya mbele, kisha unamuona amepotea. Yuko nyuma, ndani ya moshi. Anasimama mbali, ili wote waingie, wapishi, wabeba viti, hata yule aliyelala kwa pombe chini ya mugomba.

Nakumbuka baba mumoja wa bibi-arusi alimufuata huko kwa hasira.

"Muzee, nilikuita kwa bibi-arusi, siyo kwa sufuria."

"Bibi-arusi nimekwisha kumupiga, Papa. Hawa hakuna mwenye atawapiga leo, na kuna siku watatafutwa."

"Watatafutwa na nani? Na polisi?"

Wamama wote wakacheka, na muzee akaendelea na kazi yake.

Lakini walitafutwa kweli. Mutu anayekimbia vita anabeba mutoto, sufuria, na gunia la maharagi kama ana nguvu. Habebi foto. Sasa anafika Goma, miaka inapita, na siku moja mama yake anakufa. Matanga yanataka foto. Inawekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, watu wanainama mbele yake, na siku ya kuzika inatangulia jeneza. Matanga bila foto ni kama munazika mugeni. Na familia inatafuta, haipati kitu, ila kadi ya kura, ambayo juu yake sisi sote tunafanana na kipande cha makala.

Basi wanakuja kwa muzee. "Mama yetu alipika kwa ndoa ya fulani. Yuko?" Umeme ukiwepo, anafungua ordinateri yake, wanakaa nyuma yake kwenye mukeka, anapitisha foto moja baada ya nyingine. Huyu? Hapana, kikwembe alichojifunga siyo chake. Huyu mwenye kugeuka? Rudisha. Na kuna wakati wote wananyamaza, na muzee anajua amefika. Anakata ule uso katikati ya watu, anaukuza, wanapeleka kuchapishwa, na mama aliyekuwa nyuma ya sufuria anakwenda mbele ya jeneza lake.

Nusu ya wafu wa kartie yetu, wa mutaa huu wote, alituletea yeye hivyo.

*

Bwana yangu alikufa kwa ugonjwa, kitandani kwake, jambo ambalo kwa nyakati hizi watu wanakuambia ushukuru. Nilishukuru. Lakini foto hatukuwa nayo, na muzee alitafuta tangu asubuhi mpaka akamupata: ndoa ya binti wa jirani, nyuma ya nyumba, jioni, bwana yangu amebeba kasha la bia begani, uso umegeuka nusu, mudogo kama punje ya muhindi.

Muzee akamukuza. Uso ulitoka wote muchanga muchanga, kama uji uliopikwa na mutu muvivu. Wajukuu wakauliza ni nani. Nikasema ni koko wenu. Tukamuzika nayo.

Niliona muzee siku ile amesimama kwenye mulango wa uzio wa parseli yetu. Haangalii jeneza. Anaangalia foto. Baada ya matanga kwisha alikuja kwangu na kofia mukononi.

"Mama Chantal, ile foto haikuwa nzuri."

"Ilikuwa na pua yake."

"Nilikuwa nimesimama mbali, na jua lilikuwa limekwenda. Aparei yangu ni ndogo. Haishibi mwangaza."

"Amezikwa, Muzee. Acha."

Hakuacha. Ni kutoka siku hiyo lile swali lilianza, na ndiyo maana nilikuwa ninamujibu kwa ukali. Mutu akikuuliza kila asubuhi juu ya aparei, nawe unajua anauliza juu ya marehemu wako, unachoka haraka.

Aparei kubwa wenye kazi wanaiita plen forma. Nilimuambia anieleze kwa maneno ambayo mutu wa jikoni anaweza kushika. Akaangalia juu, kwenye mabati yangu.

"Mvua ikinyesha, unatega nini hapo chini?"

"Beseni."

"Na ukitega bakuli?"

"Ninapata maji ya bakuli."

"Basi. Ndani ya aparei kuna kitu kinatega mwangaza. Yangu ni bakuli. Ile ingine ni beseni. Mvua ni ileile."

Hiyo niliielewa. Katika muji huu, ambapo robine ya maji inakauka juma zima, nani asiyejua beseni? Nikamuuliza kama bwana yangu angeonekana.

Akafikiri. "Angeonekana zaidi," akasema. "Siyo vizuri. Zaidi."

Nilipenda kwamba hakunidanganya. Lakini huyo aliyenisifia beseni asubuhi, jioni unamusikia analitukana: ni zito, ni la majivuno, ni la vijana wa harusi kubwa za hoteli. Anasema ile ndogo imezika watu na haijalalamika. Kesho yake ameamka, anauliza tena. Mujukuu wangu, binti wa shule aliyejua mambo ya telefone, alimuambia, "Papa Foto, siku hizi hata telefone inapiga vizuri." Akamujibu kwa heshima kabisa, "Mutoto wangu, telefone inapiga mwenye kuishika." Halafu akakaa na hasira mpaka chakula.

*

Sasa, kitu cha kuuza kilikuwa kimoja: ngombe.

Zamani, kule milimani, alikuwa nazo nyingi. Watu wenye bunduki walizila, leo hii, kesho ile, wa upande huu na wa upande ule, na ikabaki moja, nyekundu, yenye pembe iliyovunjika. Ilikaa kwa shemeji yake kule Kibati. Maziwa yake hawakuyanywa, njia ni mbali na mara nyingi imefungwa. Lakini njia ikiwa wazi, jumapili baada ya misa, muzee alipanda kwa muguu kwenda kuiangalia. Anasimama tu pale, mikono nyuma. Nilikwenda naye siku moja, nilikuwa na mutu wa kusalimia huko. Nikamuuliza kwa nini haipigi foto, kwa kuwa anapiga hata walevi.

"Ngombe haina matanga," akasema.

Mutu wa kwetu asiye na ngombe hata moja, hata kama anakula vizuri, anaongea kwa sauti ya chini katika kikao cha ukoo. Asiye wa kwetu hawezi kulijua hilo. Bibi yake alilijua. Yeye ndiye aliyehesabiwa ngombe za mahari wakati wa ndoa yao, ndivyo alivyokuwa anasema, na hakuna aliyemubishia.

Bibi huyu tulipika pamoja katika sherehe zote za kartie. Mutu mufupi, mwenye mikono ya nguvu, hana maneno mengi. Lakini juu ya ngombe alikuwa nayo. Walinifanya mimi jaji, nimekaa katikati na kikombe cha chai.

"Ile ngombe ni uzee wetu," akasema. "Ukiuza, nitakamua aparei?"

"Watu wa bunduki wataila," muzee akajibu. "Aparei hawali."

"Wanaiba."

"Wanaiba, lakini hawali."

"Tulipokimbia Masisi ngombe ilitembea yenyewe. Aparei nani aliibeba? Mimi. Ndani ya sufuria, juu ya maharagi. Na ulikuwa unaniambia nitembee polepole, mabomu yako nyuma."

Muzee akanigeukia. "Mama Chantal?"

"Acha ngombe," nikasema.

"Na wewe pia."

"Na mimi pia."

"Na foto ya bwana yako?"

"Nimeizoea."

Ilikuwa kweli. Mutu anazoea. Ule muchanga ulikuwa umekwisha kuwa uso wake. Muzee akatikisa kichwa, akavaa kofia, akatoka. Bibi yake akanimiminia chai ingine na kusema afadhali aulize tu, mutu anayeuliza hajauza.

*

Halafu vita vikafika, muji ukapita mukono mwingine. Benki zikafunga milango, ndege zikaacha kushuka, na kwa siku nyingi hatukuwa na kazi ingine ila kuzika na kuulizana nani bado yuko. Sitaki kueleza yale. Walioyaona wanayajua, na mimi nimechoka nayo.

Watu walikuja kwa muzee kuliko wakati wowote. Walisimama mustari mpaka kwenye mulango wangu. Niliwapatia maji ya kunywa. Muzee alikaa mbele ya ordinateri na betri ya gari, akakata nyuso, akakuza, akakuza. Zingine zilitoka. Nyingi zilikuwa muchanga.

Akaja mama mumoja, mutu wa milima ya kwetu, anatafuta foto ya mutoto wake wa kiume wa kwanza. Alisema kijana alikuwa anabeba viti katika ndoa moja pale Keshero. Muzee akaipata ndoa, akawapata wabeba viti, pembeni kabisa ya foto, na mumoja amevaa shati ya mistari kama mama alivyosema. Akamukuza. Mimi nilikuwa nimesimama mulangoni na jagi la maji, niliona. Mahali pa macho palikuwa na madoa mawili. Mudomo haukuwepo.

Yule mama aliangalia kwa muda murefu.

"Aksanti, Muzee," akasema. "Siyo yeye."

"Mama, shati ni—"

"Siyo yeye. Mutoto wangu nitashindwa kumujua?"

Akafunga kikwembe chake vizuri, akatuaga mumoja mumoja, akaenda hivyo, mikono mitupu. Shati ilikuwa yake. Muzee alijua, mimi nilijua, na nadhani na yeye alijua.

Kesho yake muzee hakuniita nilipopita. Keshokutwa pia. Jumapili alipanda Kibati kama desturi, akarudi jioni, na kutembea kwake kulikuwa kwa mutu aliyemaliza jambo. Hakumuambia bibi yake. Aliniambia mimi, kwenye mulango, kwa sauti ya chini.

"Nimeiuza."

Nilimuvutia kiti, akaketi.

*

Alivuka mpaka, akaenda Gisenyi kwa mutu anayeuza aparei zilizokwisha kutumika. Yule muuzaji alikuwa mwaminifu, lazima niseme. Alimuambia wazi: "Muzee, hii ni kubwa, lakini lensi zako ni za ile ndogo. Ukizifunga hapa, pembe za foto zitakuwa nyeusi. Nunua na lensi." Muzee alisikia. Lakini ngombe ilikwisha yote kwenye aparei yenyewe, haikubaki hata mukia wa kununulia lensi. Akafikiri atanunua baadaye. Miaka mingi ya kuuliza watu, padri, fundi wa redio, mimi, na hakuna aliyemuuliza juu ya lensi, kwa sababu hakuna aliyejua, na yeye mwenyewe alikuwa anaangalia beseni tu, hakuangalia bomba linaloleta maji.

Foto za kwanza alizopiga zilitoka kama mutu anachungulia ndani ya chungu. Katikati mwangaza muzuri ajabu, sijawahi kuona, unahesabu nywele. Pembeni usiku. Familia ya bibi-arusi ilimurudishia.

"Muzee, shangazi yetu yuko wapi?"

"Yuko hapo pembeni."

"Hapo ni giza."

"Yuko ndani ya giza."

Kartie nzima ilicheka wiki hiyo. Aliweza kuiambia aparei ikate zile pembe yenyewe, alinionyesha, lakini ikikata inabaki foto ndogo kama ya zamani, na basi ameuza ngombe apate kile alichokuwa nacho. Na wale watu wake wa nyuma, wapishi, wabeba viti, ni wao waliokuwa pembeni siku zote. Sasa giza liliwala wao kwanza. Aliketi mulangoni na ile aparei magotini. Hakuuliza mutu yeyote kitu. Nilitamani aulize.

Bibi yake alipojua, hakupiga kelele. Aliacha kuongea naye, basi. Ikiwa mimi niko, anapitia kwangu.

"Mama Chantal, umuambie huyo papa chakula kiko mezani."

"Muzee, chakula kiko mezani."

"Umuambie nimesikia, aksanti."

"Anasema aksanti."

"Umuambie maziwa hayako."

Hilo sikulifikisha. Nilikunywa chai yangu ya rangi na kwenda nyumbani. Hivyo ilikwenda mpaka mvua zikaisha na mihindi ikavunwa. Ndoa alizoitwa zilikuwa chache, vijana wenye telefone walichukua zingine, na binti yao wa Bukavu akaanza kutuma ujumbe kwamba waje wakae kwake. Nyumba ya watu wasiosemezana, ukiitembelea unatoka na uchovu kama uliyelima.

*

Mara ya mwisho niliyomuona kazini ilikuwa ndoa pale Keshero. Wapiga foto walioitwa kwanza hawakufika, ndipo wakamuita yeye. Sisi tulikuwa nyuma ya nyumba tangu mapema, mimi ninatwanga majani ya sombe, bibi yake anageuza bugali ya watu wengi, wengine wanaosha, wanakata, wanachambua muchele. Mbele korale ilikuwa imeanza.

Tukamuona muzee anatokea kwenye moshi, na ile kubwa shingoni. Nikafikiri atasimama mbali kama zamani. Hakusimama. Alikuja mpaka katikati yetu, karibu hata niliona vifungo vya shati vimefungwa vibaya. Akachukua kasha la bia, akaligeuza, akaliweka karibu na uzio, mahali jua linaingia.

"Mumoja mumoja," akasema. "Mwenye atakaa pembeni atapotea. Mukae hapa katikati."

"Muzee, bibi-arusi yuko kule," akasema musichana mwenye sahani.

"Nimemuona. Kaa."

Akakaa, na povu mikononi. Muzee akapiga. Akaita mwingine, mubeba viti, kijana mwenye haya, akamushika bega akamuweka vizuri. Akaita shangazi fulani, ambaye alitaka kwanza kwenda kuvaa kikwembe kizuri. "Hicho kinajulikana," muzee akamuambia. "Ukivaa kingine watakosa kukutambua." Shangazi akamuuliza kama anamutakia kifo. Akasema hapana, Mama, anamutakia foto. Mumoja baada ya mwingine tukaacha visu na miiko, tukangoja mustari kama kwa dakitari. Watu walikuwa wanataniana, lakini wakifika pale juu ya kasha wanaacha mizaha.

Nilikaa na mimi. Akanionyesha kwenye kioo kidogo nyuma ya aparei. Kila mukunjo ulikuwepo, na jani la sombe kwenye nyusi.

"Hii aparei haina huruma," nikamuambia.

"Haina," akasema. "Nilikosea, Mama Chantal. Nilipaswa kununua lensi. Sasa siwezi tena kuwapiga wote pamoja, inabidi niwafuate kila mutu alipo. Ni kazi ya kuchosha. Magoti yanauma."

"Unajuta ngombe?"

"Kila jumapili."

Alisema hivyo kwa sauti ambayo bibi yake angeisikia, na aliisikia, kwa sababu mwiko ulisimama kidogo ndani ya bugali, kisha ukaendelea. Wote walikuwa wamekwisha kupigwa isipokuwa yeye. Hakuinua kichwa. Muzee akaja akasimama upande wa pili wa mafiga.

"Mama Chantal," bibi akasema, "umuambie huyo papa niko na kazi."

Nilifungua mudomo, muzee akaninyamazisha kwa mukono. Kutoka mbele ya nyumba mutu alikuja mbio, mujomba wa bwana-arusi, amevaa kostimu, anatoka jasho. "Muzee, keki inakatwa. Wanakungoja wewe tu." Muzee akamuambia wakate.

Halafu akamuita bibi yake kwa jina lake la usichana. Miaka yote ile, sufuria zote tulizogeuza pamoja, sikuwa nimelisikia. Kwa sisi alikuwa Mama fulani, kama mimi nilivyo Mama Chantal. Silitaji hapa, ni lao.

Mwiko ukasimama. Akamuangalia bwana yake juu ya moshi, mara ya kwanza tangu ngombe iende.

"Ni mimi ndiye nitakuwa ngombe yako sasa?"

"Kaa kidogo," akasema.

"Bugali itaungua."

Nikauchukua ule mwiko mukononi mwake. Akafuta mikono kwenye kikwembe, mbele, nyuma, mbele tena, akaenda akakaa juu ya kasha, mugongo sawa, hakutabasamu. Mbele ya nyumba watu walikuwa wanapiga makofi, wanaimba wimbo wa keki, na wanaita, Muzee wa foto, Muzee wa foto yuko wapi. Alipiga magoti juu ya mawe, taratibu, goti moja kisha lingine, akaweka jicho kwenye aparei, na hakugeuka.